Kinyume cha neno katika kamusi: namna ya kukitumia bila kumpoteza msomaji

Mtu akiambiwa afasili neno butu, mkono humtangulia kuandika "isiyo kali". Maneno mengi tunayajua wawili wawili, na kinyume huja kichwani kabla ya maana yenyewe. Kamusi inaweza kuyatumia mazoea hayo vizuri sana, kwa sababu msomaji akijua maana ya neno inaishia wapi, anaielewa upesi zaidi. Lakini "isiyo kali" ikiachwa hivyo hivyo, mwalimu mpole atakuwa butu, pilipili isiyowasha itakuwa butu, na jua la asubuhi nalo butu. Kali ina maana nyingi, na butu inapingana na moja tu kati ya hizo, ile ya kisu na panga.

Kwa hiyo kinyume kipewe maana, kisipewe neno zima. Anayeandaa kamusi ya shule, faharasa ya somo au vitomeo (neno pamoja na maelezo yake) vya kamusi ya mtandaoni akilishika hilo, makosa mengi yanayoelezwa hapa chini hatayafanya.

Anza na sentensi

Usikae ukajiuliza "kinyume cha -bichi ni nini?" Utapata jibu moja, na litakuwa pungufu. Kusanya sentensi 20 hadi 30 zenye neno hilo kutoka sehemu mbalimbali: magazeti, mapishi, vitabu vya kilimo, maongezi ya sokoni na nyumbani. Ziweke kwenye jedwali la kompyuta, kila sentensi na mstari wake, na safu ya pili iache wazi. Kisha zisome moja moja: hali ingekuwa tofauti, msemaji huyu angetumia neno gani mahali hapa? Lijaze kwenye safu ya pili.

Embe hili bado bichi: bivu. Usimpe mtoto yai bichi: la kuchemsha, lililopikwa. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi: kavu. Usivae shati bichi, utapata mafua: kavu. Nipimie samaki wabichi kilo mbili: hapa jibu linategemea meza ya muuzaji, kwa maana anaweza kuwa na wakavu, na pengine na wa kukaanga pia.

Panga jedwali kwa safu ya pili na makundi yatajitokeza yenyewe. Makundi hayo ndiyo maana za neno, au karibu nazo. Karibu tu, kwa sababu makundi mawili yanaweza kuwa na kinyume kimoja. Kuni na shati zote zimejibiwa kwa "kavu", lakini kuni mbichi ina majimaji yake ya asili, wakati shati limepata maji kutoka nje. Kuni kavu zikinyeshewa tunasema zimelowa. Hatusemi zimegeuka kuwa mbichi. Basi ni maana mbili. Kitomeo kitakuwa hivi (kv ni kivumishi, Kin. ni kinyume):

-bichi kv 1 (kuhusu tunda) ambalo halijaiva: Embe bichi huliwa kwa chumvi na pilipili. Kin. -bivu. 2 (kuhusu chakula) ambacho hakijapikwa: nyama mbichi; yai bichi. 3 (kuhusu mti, kuni, samaki) ambao bado una majimaji yake ya asili: Kuni mbichi haziwaki vizuri. Kin. -kavu (1). 4 (kuhusu nguo, sakafu n.k.) ambayo bado ina maji baada ya kufuliwa, kuoshwa au kulowa: Shati bado bichi, liache kambani. Kin. -kavu (2).

Maana ya 2 haina alama ya kinyume, na imeachwa makusudi. Neno "iliyopikwa" si kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kufasiliwa katika kamusi. Msomaji akienda kulitafuta hatalikuta popote. Kinyume kinachostahili alama ni kile chenye kitomeo chake ndani ya kamusi hiyo hiyo.

Tazama pia kwamba fasili imesema "halijaiva", haikusema "lisiloiva". Kiambishi -ja- kinamwambia msomaji kuwa kuna safari na bado haijafika mwisho: embe bichi kesho litakuwa bivu. "Lisiloiva" lingeweza kuwa tunda ambalo haliivi kamwe. Kwa -butu ni kinyume chake: kisu butu huenda kilikuwa na makali yakaisha, au hakikunolewa tangu kitoke dukani, kwa hiyo "kisicho na makali" ndiyo sahihi na "hakijanolewa" ingekosea. Kiswahili kimetupa njia mbili za kukanusha, na kuchagua kati yake ni nusu ya kazi ya fasili za namna hii.

Pima aina ya upinzani

Tumia fremu hii: Kitu hiki si A wala si B. Maji haya si ya moto wala si ya baridi. Inakubalika, na katikati kuna vuguvugu. Basi huruhusiwi kuandika "-a moto: isiyo baridi", kwa kuwa vuguvugu nayo si baridi. Maneno ya aina hii (refu na fupi, zito na epesi, ghali na rahisi) yana ngazi, na fasili yake lazima itaje kipimo na kawaida ya kitu kinachopimwa.

Sasa jaribu: Namba nzima hii si shufwa wala si witiri. Haikubaliki kabisa. Hapa kukanusha kunafaa, ila kwa sharti moja. Ukiandika "witiri: namba isiyo shufwa", 2.5 imeingia, maana nayo si shufwa. Andika "namba nzima isiyogawanyika kwa 2 bila kubakiza". Maneno "namba nzima" ndiyo uzio: kukanusha kunafanya kazi ndani ya uzio tu, na uzio usipotajwa, kila kitu duniani kisicho shufwa kinaweza kudai nafasi.

Aina ya tatu ni ya tukio moja linaloonekana kutoka pande mbili. Asha amemuuzia Juma ng'ombe. Juma amenunua ng'ombe kwa Asha. Hakuna tofauti katika kilichotokea. Kwa maneno haya, fasili mbili zitaje wahusika na vitu vile vile kwa mpangilio uliogeuzwa: uza, "toa kitu ili upate pesa kutoka kwa mwingine", nunua, "toa pesa ili upate kitu kutoka kwa mwingine". Ukimsahau mmoja wa wahusika upande mmoja, jozi inapinda. Kopa na kopesha, panga nyumba na pangisha ni za kundi hili. Azima inahitaji uangalifu zaidi: watu husema "niazime kalamu yako" wakimaanisha nipe, na "nimeazima kalamu" wakimaanisha nimechukua. Ipe maana mbili zenye namba, na useme kuwa azimisha inatumika kwa upande wa kutoa tu. Mwenye kamusi asimfiche msomaji jambo ambalo watu wanalisema kila siku.

Maneno ya mwelekeo, kama panda na shuka, ingia na toka, au tezi na omo (nyuma na mbele) za chombo cha baharini, hayana shida sana. Sema kitu kinatoka wapi kwenda wapi, au kiko sehemu gani ya kitu kipi, halafu weka alama ya kinyume.

Chagua nani awe nguzo

Katika kila jozi, neno moja lifasiliwe kwa miguu yake lenyewe na la pili liruhusiwe kuliegemea. Yote mawili yakiegemeana, yote yameanguka.

Kwa maneno ya ngazi, nguzo huonekana kwenye swali la kawaida. Tunauliza "ubao huu una urefu gani?" hata ukiwa mfupi, "una ufupi gani?" haiulizwi. Tunauliza uzito wa gunia la pamba, hatuulizi wepesi wake. Basi anza na urefu: "kipimo cha kitu kutoka ncha moja hadi nyingine", bila kulitaja neno -refu. Kisha -refu, "-enye urefu unaozidi kawaida ya vitu vya aina yake", na -fupi, "-enye urefu usiofikia kawaida ya vitu vya aina yake". Maneno ya mwisho yasikatwe hata nafasi ikibana, kwa sababu twiga mfupi bado anampita mtu mrefu.

Angalia nguzo mbili zisije zikagombea neno moja. Barabara pana, barabara nyembamba. Mtu mnene, mtu mwembamba. Sauti nene, sauti nyembamba. Aliyeandika "-embamba: kinyume cha -nene" amesahau barabara, na aliyeandika "kinyume cha -pana" amemsahau mtu. Hapa -embamba inataka maana tatu, na kila moja ina kinyume chake.

Rangi zisiegemezwe kabisa. -eupe ipewe maziwa au pamba, -eusi ipewe masizi au mkaa, na alama ya kinyume iwe nyongeza.

Kulia na kushoto ndiyo jozi inayowashinda wengi. "Kushoto: upande usio kulia" haifai, maana mbele, nyuma, juu na chini nazo si kulia. Wengi hukimbilia dira: "kushoto, upande wa kaskazini kwa mtu anayetazama mashariki". Ni sahihi. Lakini fungua kaskazini uone kama haikuandikwa "upande ulio kushoto kwa mtu anayetazama jua linapochomoza". Nayo ni sahihi. Kila fasili peke yake haina kosa, na zikiwa pamoja hazimfikishi mtu popote. Lazima moja ivunjwe kwa kitu kilicho nje ya maneno. Moyo unafaa: "upande wa mwili ambako moyo umeegemea". Mkono wa kulia pia unafaa, kwa kuwa ndio mkono ambao watu wengi huutumia kulia chakula na kuandikia.

Vipo vielelezo vinavyovutia lakini havisimami. Usiseme kushoto ni upande ambako mstari wa maandishi huanzia: Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na mistari yake huanzia kulia. Usiseme ni upande wa barabara ambako magari huendeshwa: ni kweli Tanzania, Kenya na Uganda, si kweli Kongo, Rwanda wala Burundi, na Kiswahili kinasomwa kote huko.

Vitenzi vya -ua na -oa

Lugha yetu ina kiambishi cha kutendua, na hapo kinyume kinakuja kimeshatengenezwa: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua. Baada ya irabu o kwenye mzizi, kiambishi hugeuka kuwa -o-: choma, chomoa. Vingine hupoteza kipande njiani: anika, anua, tandika, tandua, funika, funua.

Fasili ya kitenzi cha kutendua itaje kilichotangulia. Anua: "ondoa juani au kwenye upepo kitu kilichoanikwa". Bila "kilichoanikwa", mtu anayebeba gunia lililokuwa limesahauliwa juani atasemekana ameanua, na hakuna anayesema hivyo. Ipua nayo: "ondoa jikoni chombo kilichotelekwa". Jaribio lake ni rahisi: fanya tendo la kwanza, kisha la pili, uulize kama hali imerudi ilivyokuwa. Nguo zimeanikwa, zimeanuliwa. Sasa haziko kambani. Imerudi.

Jaribio hilo hilo litakuokoa na mitego minne.

Choma ina maana ya kupenyeza kitu chenye ncha, na maana ya kuunguza. Chomoa inatendua ya kwanza tu: mwiba unachomolewa, muhogo uliochomwa hauchomoleki. Alama ya kinyume ikae kwenye maana ya mwiba.

Vua nguo na vua samaki ni vidahizo viwili tofauti vyenye umbo moja. Vaa iunganishwe na kile cha nguo, na namba ya kidahizo iandikwe, la sivyo mwanafunzi atadhani mvuvi anamvua samaki kitu alichokivaa.

Pakia na pakua ni jozi safi kwenye mizigo: lori limepakiwa, lori limepakuliwa, liko tupu kama mwanzo. Lakini chakula kinapakuliwa kutoka sufuriani bila kupakiwa kwanza. Na kwenye intaneti, aliyepakua faili hakutendua kazi ya aliyelipakia. Faili liko palepale na wengine wataendelea kulipakua. Huo ni upinzani wa mwelekeo. Maana tatu za pakua, na namna mbili za kinyume, au hakuna.

Mtego wa nne ni wa umbo. Nunua haitendui nuna. Kamua haitendui kama: kukama ng'ombe na kukamua chungwa yote ni kubana kitu ili majimaji yatoke, na -u- hapo inatia nguvu, haigeuzi. Usiweke kinyume kwa kutazama herufi.

Neno moja, wapinzani watatu

Baridi ni mfano mzuri wa kufundishia wasaidizi wapya. Maji ya baridi hupingana na ya moto. Samaki wa maji baridi, wale wa Ziwa Victoria au Tanganyika, hupingana na wa maji chumvi, na joto halihusiki hata kidogo. Vinywaji baridi hupingana na vileo. Soda iliyokaa dukani bila jokofu, ambayo mteja ataiita "ya moto", bado imo kwenye kundi la vinywaji baridi. Maana za 2 na 3 ziingizwe kama virai chini ya kidahizo, kila kirai na fasili yake.

Maneno ya fani yana hatari zaidi, kwa sababu msomaji hana uzoefu wa kumsahihisha mwandishi. Chukua bamvua. Asiyeishi pwani akisoma "maji mafu: kinyume cha bamvua", atadhani bamvua ni maji kujaa na maji mafu ni kupwa. Sivyo. Kujaa na kupwa hutokea kila siku, mara mbili katika sehemu kubwa ya pwani yetu. Bamvua ni kipindi ambacho maji hujaa sana na pia hupwa sana, siku chache za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu ni kipindi ambacho tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo, mwezi unapoonekana nusu. Kinachopingana ni ukubwa wa tofauti, na fasili zote mbili lazima zikitaje. Swali la kujiuliza kwa kila jozi ya fani ni hili: vinatofautiana katika nini hasa? Jibu liandikwe ndani ya fasili, lisiachwe kwenye kichwa cha mwandishi.

Mduara

Kufasili kwa kinyume ni desturi ya zamani. Katika Lisan al-Arab, kamusi kubwa ya Kiarabu ambayo Ibn Manzur aliimaliza mwaka 1290, elimu inaelezwa kuwa ni kinyume cha ujinga, na ujinga kuwa ni kinyume cha elimu. Pale desturi hiyo ilivumilika kwa sababu fasili iliambatana na mashairi, aya na mifano, na msomaji alikuwa na njia nyingine ya kutokea. Kamusi ya shule yenye mistari 2 kwa neno haina nafasi hiyo. Ukiiga mstari wa kwanza bila mifano, umeiga udhaifu peke yake.

Kuukamata mduara hakuhitaji programu maalumu. Andika kidahizo kwenye karatasi, chora mshale kwenda kwa kila neno zito la fasili yake, na kutoka hapo kwenda kwenye fasili za maneno hayo. Mshale usirudi ulikotoka, na kwa hatua 3 uwe umefikia neno ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua au kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Anza na jozi zenye nomino za u-, maana ndizo zinazojificha vizuri: "hai: -enye uhai", "uhai: hali ya kuwa hai".

Kuweka alama na kukagua

Chagua kifupisho kimoja na ukieleze mwanzoni mwa kamusi. "Kin." inatosha. Usitumie "kny", kwa kuwa wasomaji wamezoea kuisoma "kwa niaba ya" chini ya barua za ofisi. Alama ikae mwisho wa maana husika, baada ya mfano. Ikikaa mwisho wa kitomeo chote, msomaji hawezi kujua inahusu maana ipi. Kivumishi kiandikwe kwa shina na kistari chake, -bivu, kama kilivyo kidahizo.

Kisha pitia jedwali lote: ikiwa -bichi (1) inaelekeza -bivu, -bivu nayo ielekeze -bichi (1). Kila maana moja ikiongezwa au kuondolewa, namba zote zinazoielekea zikaguliwe upya. Alama nyingi zilizokufa kwenye kamusi zilizohaririwa mara kadhaa zimetokana na hili.

Mwisho, wape watu 5 fasili bila kidahizo na uwaombe walitaje neno. Wakipata 4, iache. Wawili wakitaja kinyume chenyewe, kosa karibu kila mara ni kikanushi kilichozama ndani ya kitenzi kirefu: katika "kisichoruhusiwa" au "asiyetegemewa", -si- ni silabi moja kati ya nyingi, na jicho linalosoma haraka huiruka. Andika upya kwa kitenzi cha kukubali, "kilichokatazwa", au itenge kwa "ambaye hategemewi", kisha uwape watu wengine 5, wasiwe wale wa mwanzo.